Stenlesi ya pwani sio stenlesi yoyote tu

Nilipata kazi Kigamboni, nyumba iko karibu na bahari kiasi kwamba usiku unasikia mawimbi, mama mwenye nyumba anataka reling za stenlesi kwenye ngazi na baraza la juu. Nikaenda dukani, muuzaji kaapa mabomba ni 304, namba ya aina ya stenlesi, nikatoa sumaku mfukoni nikajaribu, haikushika, nikajua ndo yenyewe, nikalipa nikaondoka. Kazi ikatoka inang'aa kama kioo. Haikufika miezi sita nikapigiwa simu: "Fundi, hii stenlesi yako mbona inaota kutu?"

Nikaenda, na kweli vidoa rangi ya chai vimejaa, hasa upande unaopigwa na upepo wa bahari na kwenye viungo nilivyochomelea. Iliniuma sana, mama wa watu alijibana akalipa hela yote. Nikang'oa nikarudia kwa hela yangu.

Sasa sikia. Kinachoizuia stenlesi isipate kutu ni madini ya kromiamu, lazima iwemo kuanzia kama asilimia 10.5, inashikana na oksijeni ya hewani inatengeneza ngozi nyembamba mno huioni kwa macho, ukiikwaruza inajiziba yenyewe. Adui wa hiyo ngozi ni chumvi. 304 ina kromiamu kama 18 na nikeli kama 8, bara inatosha kabisa. Niliyouziwa mimi ilikuwa 201, hiyo nikeli imepunguzwa kwa vile ni ghali, wakaongeza manganizi, madini ya bei rahisi. Pwani unatakiwa 316, ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ndo inayobishana na chumvi.

Na sumaku jamani haikwambii kitu hapo! 201, 304, 316 zote kwa kawaida hazishiki, afu kuna 430 inashika vizuri tu na ni stenlesi halali, ipo kwenye vyombo vingi vya jikoni. Tafuta kile kichupa cha dawa ya kupimia manganizi, unadondosha tone, ikigeuka nyekundu hiyo ni 201, rudisha. Ila 304 na 316 kichupa hicho hakitenganishi, hapo dai karatasi ya kiwanda inayoonyesha madini yaliyomo.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, nilitumia diski ya grenda ileile niliyokatia chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida. Vumbi la chuma linajichimbia kwenye stenlesi, linaanza kutu lenyewe. Diski ya stenlesi iwe yake peke yake, brashi ya waya iwe ya stenlesi, na ile rangi ya bluu na zambarau pembeni ya weldi usiiache, isugue mpaka iishe maana hapo kromiamu imepungua. Bolti nazo zifanane na bomba, ukifunga bolti ya chuma cha kawaida kwenye stenlesi penye chumvi, bolti inaliwa haraka.

Mwambie mteja aoshe reling mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, sio ya kisima cha chumvi.

Kama hela ya 316 haipo, mimi naona bora chuma cheusi kilichochovywa kwenye zinki ya moto, juu upige rangi, kuliko 201. Zinki inakubali kuliwa yenyewe kwanza chuma kibaki salama. Ila chomelea kabla ya kuchovya, ule moshi mweupe wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku kucha, nimeshaipata. Geti la yule mama nililitengeneza hivyo, na reling zake sasa ni 316.