Mdhamini anunue subira, mdomo auache

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi lakini limenikalisha kitako: kampuni inayouza bidhaa za nyumbani ikitoa fedha za kuanzisha tamthilia mpya ya mchana kwenye televisheni, sisi watazamaji tushangilie au tuingiwe na wasiwasi? Jibu langu ni tushangilie, ila kwanza mtu atuonyeshe mkataba.

Nasema hivyo nikiwa na maslahi yangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafsiri tamthilia za nje na kusimamia uingizaji wa sauti za Kiswahili. Kazi hii inakulazimisha utazame onyesho moja mara ishirini, na ukitazama kitu mara ishirini unaanza kuona mkono wa aliyelipa.

Wengi wanaopinga wanazungumza kana kwamba biashara imeivamia sanaa juzi. Tamthilia hizi zilizaliwa dukani. Kiingereza kinaziita kwa jina la sabuni, soap opera, kwa sababu waliozilipia walikuwa watengeneza sabuni. Mwaka 1930 Irna Phillips alianza kuandika Painted Dreams kwa ajili ya redio WGN ya Chicago, na mwenyewe akiigiza humo. Mwaka 1933 akaja Ma Perkins, mjane mwenye kiwanja cha kuuzia mbao, na sabuni ya unga ya Oxydol, mali ya Procter & Gamble, ikatajwa kabla ya jina lake: huyu ni Ma Perkins wa Oxydol. Hesabu ilikuwa nyepesi. Anayesikiliza redio mchana ndiye anayefua. Basi mpe robo saa kila siku ya kazi, tangazo mwanzoni, tangazo mwishoni, na katikati kisa kinachokatizwa pabaya ili kesho arudi. Ma Perkins alidumu hadi 1960, akiwa amepitisha vipindi zaidi ya 7,000.

Kwa hiyo kama chapa iingie au isiingie, hilo lilishaamuliwa na mabibi zetu walipokuwa wadogo. Tujiulize inanunua nini.

Watu wa nje ya kazi hii hudhani fedha za mdhamini zinaishia kwa waigizaji na kwenye mapambo ya seti. Sehemu inaishia huko, lakini kitu ghali kuliko vyote kwenye tamthilia ya mchana ni muda. Filamu ikikuchosha dakika ya ishirini mmeachana. Tamthilia ya siku tano kwa wiki inakutaka umjue mama mkwe, ukumbuke nani alimdanganya nani siku ya harusi, uwe na hasira zako binafsi na mtu asiyekuwepo duniani. Hayo hayajengwi kwa mwezi. Miezi ya mwanzo karibu kila tamthilia mpya huwa inapepesuka: waigizaji bado wanatafutana, waandishi hawajajua yupi anapendwa na yupi auawe kwenye ajali. Na mashine haisimami kuwasubiri. Siku tano kwa wiki ni karibu vipindi 250 kwa mwaka. Mwigizaji analala na karatasi, asubuhi yuko mbele ya kamera tatu au nne, na onyesho likipita mara moja bila mtu kujikwaa, wamehamia lingine. Mwenye tangazo la sekunde 30 hana sababu ya kuvumilia mpepesuko huo. Idadi ya watazamaji ikishuka, kesho asubuhi amehamia kipindi kingine.

Mwenye tamthilia yake hahami hivyo, na mfano ninaoupenda ni As the World Turns. Procter & Gamble na kituo cha televisheni cha CBS waliianzisha Aprili 2, 1956, ikiwa ya nusu saa wakati tamthilia za mchana zilikuwa zimezoea robo saa, na Irna Phillips yuleyule ndiye aliyeiandika. Watu hawakuipokea. Ilikwenda taratibu mno. Watu wamekaa jikoni wanakunywa kahawa na kuzungumza. Kama ingetegemea wanunuzi wa sekunde 30, leo nisingekuwa nalijua jina lake. Mdhamini akavuta subira, mwaka wa pili watazamaji wakaanza kujaa, na kufikia 1958 ilikuwa ya kwanza mchana Marekani nzima. Ilikuja kufungwa Septemba 17, 2010. Miaka 54 kwa kitu kilichoanza kwa kupuuzwa.

Nadhani swali lenu limechokozwa na Beyond the Gates. CBS ilipoizindua Februari 24, 2025, ilikuwa tamthilia mpya ya kwanza ya mchana kwenye vituo vikubwa vya Marekani tangu Passions ya NBC mwaka 1999. Nyuma yake kuna CBS, NAACP ambayo ni jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani Weusi, na studio ya Procter & Gamble, kampuni ileile iliyomlipia Ma Perkins na iliyokuwa imejitoa kwenye tamthilia za mchana tangu 2010. Ni kisa cha ukoo tajiri wa Wamarekani Weusi katika mtaa wa kifahari nje kidogo ya Washington. Kabla ya hapo, kwa robo karne nzima, kazi ilikuwa kuzika tamthilia tu. Wanawake walikuwa wamekwenda kazini, chaneli zimeongezeka, na mwaka 1995 kesi ya mauaji ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Marekani, ilikalia saa za mchana kwa miezi hadi baadhi ya watazamaji wakasahau njia ya kurudi. Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ilifika mwisho wake Septemba 18, 2009. Miezi yake ya mwisho ilikuwa inarekodiwa kwa kamera ndogo za mkononi, nje, kwenye mji mdogo wa New Jersey, ili kubana matumizi. Ukiangalia picha zile zinavyotikisika unaelewa fedha zilikuwa zimefika wapi.

Ndiyo maana sitamcheka yeyote anayesema mdhamini akaribishwe.

Lakini ana upande wa pili, na haujifichi. Mwaka 1962 Agnes Nixon, akiiandika Guiding Light, alitaka mhusika wake Bert Bauer apimwe kipimo cha Pap, kile cha kuchunguza mlango wa kizazi, na saratani igunduliwe mapema. Alikuwa amefiwa na rafiki kwa ugonjwa huo, akaona wanawake wanaotazama wangeokoka kwa kujua. Procter & Gamble waliokuwa wakiilipia, na kituo cha CBS, wakamkubalia kwa sharti kwamba lisitamkwe neno saratani, wala mfuko wa uzazi, wala jina la upasuaji wa kuuondoa. Hebu jaribu kuandika kisa cha mvuvi bila kutaja bahari. Nixon aliandika, na kisa kikarushwa, kwa ustadi wake. Lakini fikiria mtu anakulipa uzungumze na wanawake kila siku, halafu anaona haya kutaja mwili wao.

Miaka hii haya hiyo imepungua, na kilichoingia badala yake ni chupa.

Kulikuwa na onyesho la dada wawili. Hawajasemezana tangu baba yao azikwe. Mdogo anaingia chumbani kwa mkubwa usiku, anakaa kwenye ncha ya kitanda, maneno hayatoki. Anachukua chupa ya losheni mezani, anaigeuzageuza mkononi kama mtu anayetafuta pa kuanzia, na hapo ndipo kidole gumba kinaposogea taratibu ili lebo ionekane yote. Sekunde mbili nzima. Kisha anasema, "Bado unatumia hii? Ndiyo maana ngozi yako haizeeki." Mama aliyekuwa akiingiza sauti ya dada huyo ni mtu mzima, mwigizaji wa redio wa siku nyingi. Alicheka. Tukarudia, akacheka tena. Mara ya nne akavua spika za masikioni, akaniangalia. "Mwanangu, nitaisema, maana ndiyo kazi. Lakini huyu hajaja kuomba msamaha. Amekuja kuuza."

Tatizo likawa kubwa zaidi tulipofika kwenye msamaha wenyewe. Maneno ya Kiswahili ni marefu, midomo kwenye skrini haikungoji, lazima kitu kikatwe. Maelekezo ya mteja yalikuwa kwenye karatasi mbele yangu: jina la losheni lisiguswe. Basi "nilikosea, nikaona aibu kurudi, siku zikapita nikazidi kuogopa" ikabaki "nilikosea". Nimeiona mara nyingi tangu siku ile na bado inaniuma kidogo, kwa sababu nimeikata mimi.

Aliyeiweka chupa pale nadhani hakuijua hadhira yake. Anayekaa na watu hao siku tano kwa wiki anawajua kuliko majirani zake. Anajua dada huyu si wa kuzungumzia ngozi usiku kama ule. Papo hapo mtazamaji huyo anatoka ndani ya kile chumba, anarudi kwenye kiti chake, na kurudi ndani tena kuna gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye ripoti.

Bidhaa inaweza kuingia ndani ya kisa bila kuwachefua watu, lakini iwe na kazi humo. Peru mwaka 1969 walianza kurusha Simplemente María, na ingawa ile ni telenovela, tamthilia ya Amerika ya Kilatini, jamaa wa mbali kidogo wa hizi tunazozungumzia, nashangaa wauzaji hawaikariri. María ni msichana wa kazi za ndani anayejifunza kushona usiku na mwishowe anakuwa mbunifu wa mavazi. Cherehani yake ni Singer. Mauzo ya Singer yakapanda, wasichana wakajiandikisha kwenye madarasa ya ushonaji, na hakuna aliyehitaji kugeuza lebo ielekee kamera. Cherehani ile uking'oa kwenye kisa, María hana pa kwenda. Losheni uking'oa, dada wawili wanapata nafasi ya kupatana.

Sasa, huo mkataba. Ningependa kwanza useme muda, na useme kwa miaka: miwili, mdhamini asiruhusiwe kuondoka kwa takwimu za miezi mitatu, kwa sababu subira ndiyo pekee anayoweza kuleta ambayo wengine hawana. Matangazo yake ayaweke mwanzoni na mwishoni kama enzi za redio, ayapambe atakavyo, aimbe akipenda. Mtazamaji hachukii tangazo linalojulikana kuwa ni tangazo. Mazungumzo ya wahusika asiyasome kabla hayajarekodiwa. Hili najua ni gumu, na watu wa masoko watasema ni ndoto ya mtafsiri. Basi wasome, lakini wakitaka neno liondolewe waandike sababu na kutia sahihi. Nadhani wengi wangeona uzito kusaini karatasi inayosema neno saratani linaharibu mauzo ya sabuni.

Na kuna kifungu ambacho wenye shauku ya uzinduzi hukiruka kila mara: siku mdhamini akichoka, wahusika ni wa nani? Kampuni inaweza kubadili mkurugenzi wa masoko leo, na kesho ukoo mzima uliolelewa na watazamaji kwa miaka ukafungiwa kabatini, hauuzwi wala hauazimwi. Irna Phillips lilimkuta hilo mapema kuliko wote. Aligombana na WGN juu ya nani anamiliki Painted Dreams, na mahakamani akashindwa. Lakini hakungoja hukumu. Mwaka 1932 alikuwa ameshavuka kwenda WMAQ, kituo kingine palepale Chicago, akaanza tamthilia mpya aliyoiita Today's Children, na safari hii aliyeandikwa kuwa mmiliki ni yeye.