Menyu ya Linux: mbona programu nilizozificha zimerudi?

SWALI: Nilihariri mafaili ya .desktop (yanayoieleza menyu kuhusu kila programu) yaliyo katika /usr/share/applications ili kuondoa menyuni programu nisizozitumia. Mfumo uliposasishwa, zote zikarudi. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea mahali tu. Folda hiyo ni ya mfumo, na kifurushi (mkusanyiko wa mafaili ya programu) kikisasishwa huliandika upya faili lake. Pa kufanyia kazi ni folda yako mwenyewe. Kwenye teminali, nakili humo faili la programu unayotaka kuificha, hapa kwa mfano VLC:

mkdir -p ~/.local/share/applications
cp /usr/share/applications/vlc.desktop ~/.local/share/applications/

Jina la faili lisibadilike hata herufi moja, kwani ndilo linaloifanya menyu ifuate nakala yako na kuliacha la mfumo. Fungua nakala hiyo kwa kihariri matini, kisha ongeza NoDisplay=true mara tu chini ya [Desktop Entry]. Wengi huuweka mstari huo mwisho kabisa wa faili. Kama faili lina sehemu za [Desktop Action], mstari unaangukia humo na programu inabaki palepale menyuni.

Utakutana pia na ushauri wa kuandika Hidden=true. Uepuke, maana ni sawa na kusema faili halipo: programu hiyo haitapendekezwa tena hata unapotaka kufungulia video au picha. NoDisplay huificha menyuni tu. Ukijuta, futa nakala yako, ya mfumo itarudi.

SWALI: Nimejitengenezea faili la .desktop la programu niliyoipakua. Menyuni inaonekana, ila nikiibofya hakuna kinachotokea.

JIBU: Tazama kwanza mstari wa Exec, unaotaja amri ya kuianzisha programu. Alama ya ~ na $HOME, zilizozoeleka kwenye teminali, hapa hazitafsiriwi. Andika njia nzima, kwa mfano Exec=/home/juma/programu/anza.sh, na kama ina nafasi katikati, ifunge kwa alama mbili za kunukuu. Kisha hakikisha anza.sh lina ruhusa ya kuendeshwa: chmod +x.

Icon nayo hutaka njia nzima ya picha, au jina la aikoni ya mfumo bila .png mwishoni. Kwenye Categories, mstari wa makundi ya menyu, tumia majina rasmi ya Kiingereza, kila moja likifuatwa na nuktamkato, kama Office; au Graphics; kwa sababu ukiandika “Ofisi” menyu haitajua pa kuiweka. Jina la Kiswahili lina mstari wake, Name[sw]=, unaoongezwa chini ya Name= bila kuufuta.

Mwisho endesha desktop-file-validate ukitaja faili lako. Ikinyamaza, faili limeandikwa sawasawa.