Foleni ya data iko Unguja, programu iko Pemba

SWALI: Assalamu alaykum. Hapa ofisini tuna mashine ya IBM i (mfumo wa kompyuta wa IBM), na nyengine iko Mjini, Unguja. Programu ya huku inahitaji kusoma foleni ya data ya kule, yaani pale programu zinapoachiana ujumbe. Nikijaribu, ombi linakataliwa kwa sababu ya neno la siri. Nifanyeje? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Programu iache kama ilivyo. Huku Wete tengeneza foleni ya aina ya DDM, yaani inayoelekeza tu kwenye foleni ya mashine nyengine:

CRTDTAQ DTAQ(KAZI/ODA) TYPE(*DDM) RMTDTAQ(KAZI/ODA) RMTLOCNAME('10.1.1.5' *IP)

KAZI ni maktaba, ODA ni jina la foleni. Anwani weka ya mashine ya Unguja. Amri hii haikagui kama foleni ya kule ipo, kwa hiyo ukikosea jina utajua baadaye. Kule, amri ya kuwasha huduma ya DDM, STRTCPSVR SERVER(*DDM), iwe imeshaendeshwa, na mlango wa mtandao (port) 446 uwe wazi.

Kukataliwa kwako, aghlabu, chanzo ni huku. Kwanza mpangilio wa mfumo uitwao QRETSVRSEC uwe '1', la sivyo mashine haihifadhi neno la siri. Kisha hifadhi jina na neno la siri la kule:

ADDSVRAUTE USRPRF(JINA) SERVER(QDDMSERVER) USRID(JINA) PASSWORD(xxxx)

QDDMSERVER iandike kwa herufi kubwa. JINA ni la mtumiaji anayeendesha kazi hiyo, si lako wewe msimamizi. Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Tena, QRCVDTAQ, yaani programu ya mfumo inayosoma foleni, usiipe muda wa -1, yaani kungoja bila kikomo. Ipe sekunde 30, halafu irudie. Na mtandao ukikatika katikati ya kusoma, ujumbe unaweza kuwa umeshatolewa kwenye foleni bila kukufikia. Oda za fedha ziandikwe kwanza kwenye faili. Foleni ibebe namba ya oda tu.