Hita ya mafuta haiongezwi mafuta

Umeuliza kama ile hita ya umeme yenye mafuta ndani inabidi uwe unaiongezea mafuta, na mbona inachelewa kupasha chumba. Mafuta hayaungui ndugu yangu, yamefungiwa humo moja kwa moja, kazi yake ni kubeba joto tu. Chini kuna koili inapata moto, mafuta yanapanda yanazunguka kwenye zile mbavu za chuma, afu hewa iliyo jirani inapata joto inapanda juu na ya baridi inaingia kwa chini, ndo maana usianike nguo juu yake wala kuificha nyuma ya kochi. Kuchelewa ni kawaida, ipe kama nusu saa hivi, ila hata ukiizima utaigusa bado ina joto.

Kwenye bili asikudanganye mtu, wati 1500 zikiwaka saa nzima ni yuniti 1.5, iwe ya mafuta au ya feni. Kinachookoa ni temostati, ile "tik" unayosikia ndo inakata umeme chumba kikishapata joto, na kuziba uwazi chini ya mlango. Halafu ichomeke ukutani, sio kwenye ekstensheni, ya kwangu iliyeyuka soketi ikabaki nyeusi tii.