Mzimu wa Killone? Pale mwenye stori ni nguva
Uliyeuliza kama yale magofu ya masista kule Killone, Ireland, yana mzimu wa sista, mi nijuavyo stori kubwa ya pale ni ya nguva bwana, yule nusu mwanamke nusu samaki. Konventi ilikuwa ya masista wa Kiagustino, inasemekana ilianzishwa karibu 1190 na mfalme Domhnall Mór Ua Briain, iko kando ya ziwa karibu na mji wa Ennis, ukuta wa mashariki bado umesimama na madirisha yake mawili ya tao na chini kuna chumba cha mawe, giza tupu. Mfalme wa Uingereza, Henry VIII, alipozifunga nyumba za watawa ndo ikaanza kuchakaa. Sasa wanasimulia mvinyo ulikuwa unapungua tu kwenye stoo ya nyumba ya Newhall hapo jirani, wakavizia usiku, kumbe nguva anapanda na kijito kutoka ziwani anakuja kujinywea, wakamchoma kisu, akarudi majini anavuja damu huku anawalaani akina O'Brien, wenye nyumba hiyo. Eti ndo maana ziwa hugeuka jekundu mara mojamoja. Wengine wanasema ni udongo tu, haya.