Mahindi ya Julai, unga wa Februari

Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: unga kilo, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Kila kopo lina faida ya mpimaji ndani yake. Jumlisha makopo ya mkaa ya mwezi mzima, kisha uulize bei ya gunia; tofauti inauma.

Kwa kaya ya Dar es Salaam, kinachoumiza zaidi ni msimu. Mahindi ya Ruvuma, Rukwa na Mbeya huvunwa kati ya Mei na Agosti, na hapo ndipo bei hushuka. Ikifika Februari maghala yamepungua na barabara za vijijini ni matope, wakati Januari imeshakula pesa ya sare, madaftari na kodi ya miezi sita. Dizeli nayo ikipanda, lori la kutoka Songea linapandisha nauli ya gunia. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ulizia mzigo kabla ya siku hiyo.

Watu watano wanaokula kilo moja na robo ya dona kwa siku humaliza kilo 100 kwa siku 80. Magunia mawili ya kilo 100 yaliyonunuliwa Julai, yakifunguliwa Oktoba, yanawavusha hadi Machi. Pesa haitoshi? Changeni na jirani, na mpime kwa mizani, si kwa debe wala lumbesa.

Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi hadi robo ya chupa ya kioo iliyokauka, weka kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika moja. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena juu ya turubai. Tafadhali usipuuze hili: mahindi yenye unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Tumia mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu. Kamua hewa, sokota shingo, ikunje, funga kila tabaka kwa kamba yake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo ukichota kila wiki unawarudishia hewa. Fungua gunia moja, lisage lote kwa awamu mbili au tatu, ndipo uguse la pili. Tundu moja la panya linatosha kuharibu kazi yote. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta.