Maswali ya wasomaji: Nyambizi ya rimoti, kuzama rahisi kuibuka ndo kazi

Fundi shikamoo. Nimeunda nyambizi kwa bomba la PVC, rimoti nimetoa kwenye droni, ni ile ya gigahetsi 2.4. Juu ya maji inatembea fresh ila ikizama tu haisikii kitu. Betri nimebadilisha bado. — Mdau, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Betri haina kosa, kinachokukwamisha ni masafa. Hiyo 2.4 ndo ya waifai na ndo hiyo hiyo ya oveni ya maikrowevu, na oveni inapasha chakula kwa sababu maji yanayanyonya hayo mawimbi, sasa wewe unataka yapenye maji yafike kwenye risiva, yaani kile kipokea mawimbi cha ndani, wapi! Nyambizi inataka masafa ya chini, megahetsi 27, 40 au 75, inategemea na nchi.

Usikimbilie kuagiza. Tafuta gari la rimoti la watoto lililochakaa, lipindue uangalie tumboni, mengi yana stika ya 27, 40 au 49, ukiikuta chomoa saketi yote na uchukue na rimoti yake. Waya wa antena usiukate, uzungushe ndani ya bomba pakavu. Kwenye maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa lenu masafa hayo yanapenya mpaka mita kadhaa, ila rimoti za watoto nguvu zake ndogo kwa hiyo usiiache iende mbali na ukingo.

Najua utasema gari lina mbele, nyuma, kulia na kushoto tu, ya kuzamia iko wapi? Huihitaji. Ipunguzie uzito ielee mgongo ukichungulia kidogo tu juu ya maji, afu mapezi ya mbele yafunge moja kwa moja yakiwa yameinama kidogo. Ukiipa moto inajisukuma chini, ukiachia inaibuka yenyewe. Kwa anayeanza mi naipenda hii kuliko tenki lolote maana hata betri ikifa chombo kinarudi juu. Na achana na kijivu cha kijeshi, paka njano, maji ya ziwani pale karibu na ukingo yana matope hutaiona.

Kaka, mimi na mwanangu tumemaliza chupa nzima ya silikoni na bado maji yanaingia. Tumekata tamaa. — Mama wawili, Morogoro

Pole dada, ila silikoni ndo imewaponza. Mfuniko unaofunguliwa kila siku kuchaji betri hauzibwi kwa gundi, unazibwa kwa oringi, ile pete ya mpira, iliyopakwa grisi ya silikoni na skrubu za kuukaza. Presha ya maji msiidharau, mfuniko wa upana wa sentimita 10 ukiwa mita moja tu chini unasukumwa na nguvu ya karibu kilo 8.

Kabla hamjaweka umeme wowote ndani, fungeni bomba tupu afu lizamisheni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hewa ya ndani itapata joto itatanuka, itatafuta pa kutokea, vipovu vinapotoka ndo pana tundu, tieni alama na kalamu. Na hapo hapo mmepata sababu ya kutoiacha juani ikiwa imefungwa afu mnaitumbukiza kwenye maji ya baridi: hewa inasinyaa na bomba linavuta maji lenyewe kupitia oringi!

Penye propela ndo pasumbufu zaidi. Pitisheni shafti kwenye kijibomba cha shaba, kijazeni grisi nzito, na mwisho wa ndani wekeni oringi ndogo inayoibana shafti bila kuikwamisha. Ikibana sana mota inachemka.

Fundi, mbona mnaongelea maziwa na mabwawa tu, mimi niko Mombasa, bahari iko mlangoni. — Mswahili wa Pwani

Bahari iangalie tu ndugu yangu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme na yanaua mawimbi ya redio, hata hiyo 40 ikizama chini ya nusu mita hivi kwisha habari. Wamarekani kuongea na nyambizi zao za kweli zikiwa kina kirefu walitumia hetsi 76, megahetsi hamna hapo, antena zikiwa kilomita na makilomita huko Wisconsin na Michigan, mpaka 2004 walipozima. Omba bwawa la kuogelea la shule au hoteli asubuhi kabla ya watu. Ukitaka kuendesha juu juu baharini sawa, ila kumbuka chumvi inainua, chombo cha kilo 10 kilichopimwa bwawani kitadai kama gramu 250 zaidi, chubwi za wavuvi zinatosha, zipange chini kabisa ya tumbo ili kisipinduke.

Nataka iwe inazama ikiwa imesimama, kama ya kweli. Sirinji inafaa? — Kijana wa Dodoma

Inafaa sana. Sirinji ya mililita 60, mota ndogo yenye giya inazungusha skrubu ndefu inayovuta pistoni. Ukivuta, unaingiza gramu 60 za maji. Hesabu yako yote iko kwenye hizo 60: sirinji ikiwa tupu ielee, ikijaa izame polepole, kwa hiyo ukizidisha chubwi hata kidogo haiibuki tena. Iweke katikati kabisa, ukiisogeza mbele kila ikinywa maji inainamisha pua.

Afu risiva isiyo na mpango wa dharura usiipeleke majini. Signal ikikata au betri ikishuka, mota ya sirinji isukume maji nje yenyewe bila kusubiri rimoti. Ijaribu kwenye karai kwanza, izamishe afu zima rimoti uone. Siku za mwanzo ifunge na mshipi wenye kiboya, wakicheka waache wacheke.